“Unataka Kusafiri au Unataka Kubishana?” Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Forodha na Usalama wa Viwanja vya Ndege

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege
Kamishna wa Forodha
Mkuu wa Kitengo cha Ukaguzi wa Usalama wa Abiria

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKAGUZI WA ABIRIA NA MIZIGO YAO

Waheshimiwa,

Salaam. Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliitumbukiza kwenye sanduku la maoni karibu na mlango wa kutokea. Niliporudi wiki kadhaa baadaye, kufuli la sanduku lilikuwa limeshika kutu na karatasi zimejaa hadi kwenye tundu. Ya pili niliituma kwa barua pepe, nikapata jibu la kompyuta kwamba ujumbe wangu umepokelewa. Ya tatu niliipeleka kwa mkono, ikapigwa muhuri, na nakala yenye muhuri ninayo. Miezi minane imepita, sijapigiwa simu wala kuandikiwa hata mstari mmoja. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu. Sitataja uwanja wala afisa, kwa kuwa sitafuti mtu mmoja wa kufukuzwa kazi, na kwa kuwa niliyoyaona mimi mahali pamoja, wasafiri wenzangu wamenisimulia kwamba wameyaona kwingine.

Nianze na siku yenyewe.

Nilikuwa safarini na mama yangu, mwenye umri wa miaka 71. Ana nyonga ya bandia ya chuma na ana kisukari. Alipopita kwenye lango la kugundua chuma, likalia. Akarudishwa, akavua viatu, akapita tena, likalia tena. Akatoa kadi ya hospitali inayoeleza nyonga yake, afisa hakuipokea. Akasimamishwa kando ya mkanda wa kupitishia mizigo, mtandio umevuliwa, mikono imeinuliwa, akapapaswa kiunoni na mapajani huku foleni nzima ikitazama. Aliyempapasa alikuwa mwanamke, na hilo nashukuru. Lakini chumba cha faragha kilikuwa hatua kumi kutoka pale, mlango wazi, ndani hamna mtu.

Wakati huohuo mfuko wake wa dawa ulikuwa umeshatoka upande wa pili wa mashine ya eksirei. Ndani mlikuwa na kalamu mbili za insulini na pakiti ya barafu ya kuzipooza. Afisa mwingine akazitoa, akasema vimiminika haviruhusiwi. Nikampa cheti cha daktari. Kalamu moja ya insulini hubeba mililita 3. Kikomo cha vimiminika katika viwanja vingi ni mililita 100 kwa kila chombo, na hata kikomo hicho, katika kanuni za nchi nyingi, hakiwahusu wanaobeba dawa. Nikamweleza hivyo kwa sauti ya chini. Akazitupa kwenye pipa. Tulizisikia zikigonga plastiki. Nilipomwomba jina lake, aligeuza kitambulisho kilichokuwa kikining’inia kifuani, akaniambia: “Unataka kusafiri au unataka kubishana?”

Zilikuwa zimebaki dakika 35 kabla ya lango la ndege kufungwa. Mama akanishika mkono. “Twende, mwanangu.” Tukaenda.

Tulitua usiku. Duka la dawa tulilolikuta wazi halikukubali kutuuzia insulini bila cheti cha daktari wa kule, kwa hiyo tukakesha kwenye idara ya dharura ya hospitali, mama amelala kwenye benchi na sukari yake imepanda, mimi nimeshika namba ya foleni. Daktari aliyetuona alfajiri aliniuliza kwa nini mgonjwa wa kisukari anasafiri bila dawa. Sikujua nianzie wapi.

Waheshimiwa, naomba nieleweke: sipingi ukaguzi. Najua kila kero ya pale kwenye mkanda ina historia yake. Mwaka 1988 bomu lililofichwa ndani ya redio ya kaseti, kwenye sanduku lisiloambatana na abiria yeyote, liliiangusha ndege juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti, wakafa watu 270, wakiwemo 11 waliokuwa majumbani mwao. Desemba 2001 mtu alijaribu kulipua kiatu alichokivaa ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Miami. Tangu hapo tukaanza kuvua viatu. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege kwa kemikali zilizokusudiwa kutiwa kwenye chupa za vinywaji. Ndipo ikaja ile kanuni ya mililita 100. Mimi nami nina watoto, na nataka aliyeketi nyuma yangu kwenye ndege awe amekaguliwa barabara. Nikivua mkanda wa suruali sinung’uniki.

Ninachokilalamikia ni lile swali la afisa. Ndani yake mna mambo yote niliyoyaorodhesha hapa chini.

1. Saa yetu imegeuzwa kuwa fimbo ya kutuchapia.

Afisa ana zamu nzima. Abiria ana dakika 35. Ukitaka kusomewa kanuni, ukitaka msimamizi aitwe, ukitaka kuandikiwa ulichonyang’anywa, unalipia kwa tiketi yako. Kila mtu aliyesimama mbele ya ile mashine anajua hivyo, na afisa anajua zaidi. Kwa hiyo haki ya kuuliza ipo kwenye vitabu tu, haitumiki. Mahakama, ofisi ya ardhi, hata kituo cha polisi, mtu aliyedhulumiwa anaweza kurudi kesho. Uwanja wa ndege hauna kesho. Mtu aliyeuza mali kulipia nauli, au anayekwenda kumzika mzazi, atakubali lolote ili apite. Nimewaona wakikubali.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linasimamia Mkataba wa Chicago wa 1944, na mkataba huo una viambatisho viwili vinavyotuhusu hapa. Cha 17 ni cha usalama. Cha 9 ni cha kurahisisha safari, nacho kilitangulia kile cha usalama kwa miaka 25. Kinapendekeza abiria wanaowasili, wasiohitaji zaidi ya ukaguzi wa kawaida, wawe wamemalizwa ndani ya dakika 45 tangu washuke, na wanaoondoka ndani ya dakika 60. Maafisa wenu wananinukulia kile cha usalama kila siku. Hiki kingine sijawahi kukisikia midomoni mwao.

2. Vitu vinachukuliwa bila karatasi.

Zile kalamu mbili za insulini hazipo mahali popote katika kumbukumbu za dunia hii. Hakuna daftari lililoandikwa, sina risiti, hakuna saa wala jina la aliyezichukua. Kwa mujibu wa rekodi zenu, hazikuwahi kuwepo. Sasa nitalalamika kwa kitu gani?

Siku hiyohiyo kijana aliyekuwa mbele yetu alinyang’anywa betri yake ya kuchajia simu akaambiwa ni hatari kuingia nayo kwenye ndege. Ukweli ni kinyume: hatari ni kuiweka kwenye mzigo wa chini, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto kule hakuna mtu wa kuuzima. Kanuni inataka abiria aibebe mkononi, na ikiwa haizidi wati-saa 100, yaani kipimo cha nishati ya betri, haihitaji hata kibali cha shirika la ndege. Ya kijana huyo ilikuwa imeandikwa ubavuni miliampia-saa 20,000 na volti 3.7. Zidisha, gawanya kwa 1,000, unapata wati-saa 74. Alijaribu kulieleza hilo. Naye akaulizwa kama anataka kusafiri.

Afisa aliyepitiwa anaweza kusahihishwa. Lakini atasahihishwaje kama alichokifanya hakikuandikwa? Mimi naamini yule aliyetupa dawa ya mama huenda hakuwa na nia mbaya. Huenda alifundishwa neno “vimiminika” na hakufundishwa lililobaki. Kama kungekuwa na daftari lenye mstari mmoja, “kalamu mbili za insulini, mililita 3 kila moja”, msimamizi wake angeuona mwisho wa zamu na angejua la kumfundisha.

3. Upekuzi wa mwili unafanywa hadharani.

Mwenye nyonga ya chuma, mwenye mfuko wa haja tumboni baada ya upasuaji, mwenye kifaa cha moyo, aliyefunika kichwa kwa sababu ya dini, anayetembelea kiti cha magurudumu: hawa lango litawalilia au mashine itawawekea alama kila safari, maisha yao yote. Si wahalifu, ni wagonjwa na wacha Mungu. Wanachokihitaji ni chumba, mtu wa jinsia yao, na shahidi wa pili. Mama yangu hakusema neno siku ile. Lakini kwa muda wa safari nzima alikuwa ameushika mtandio wake kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kunyang’anywa tena.

Nisiambiwe kwamba heshima na usalama havikai pamoja. Baada ya jaribio la kulipua ndege siku ya Krismasi 2009, Marekani ilitandaza kwa wingi mashine za kupiga picha mwili mzima, na baadhi yake zilikuwa zikimwonyesha afisa umbo la mtu kana kwamba hana nguo. Wasafiri wakapiga kelele. Kufikia katikati ya 2013, zile ambazo hazikuweza kurekebishwa zilikuwa zimeondolewa, na zilizobaki zikawa zinaonyesha mchoro wa mtu yeyote tu wenye alama mahali pa kuangalia. Walisikiliza, wakabadilisha, na ukaguzi ukaendelea.

4. Meza ya forodha imekuwa meza ya mapatano.

Hapa nizungumze na Kamishna. Nilikuwa narudi kutoka safari, nimebeba kamera niliyoinunua miaka minne kabla na kuondoka nayo siku ya kwenda. Mkanda wake umechakaa, kioo cha nyuma kina mkwaruzo mrefu. Nikapita njia ya kijani kwa kuwa sikuwa na kitu cha kutolea tamko. Nikaitwa kando. Afisa akaigeuzageuza kamera, akataja kiwango cha ushuru kutoka kichwani, bila kufungua kitabu wala kompyuta. Nikasema nimetoka nayo. Akaniuliza fomu ya kuthibitisha kwamba nilitoka nayo iko wapi. Fomu hiyo hakuna aliyeniambia ipo, na siku ya kuondoka dawati la forodha halikuwa na mtu. Nikamwomba anioneshe jinsi alivyokokotoa. Kiwango kikashuka kikawa nusu. Nikanyamaza, kwa kweli kwa kuwa sikujua la kusema. Kikashuka tena kikawa robo, na sauti nayo ikashuka, na akatazama mlangoni. Hapo nikaelewa kwamba tulikuwa tumeshaacha kuzungumzia ushuru.

Ushuru halali haushuki mara mbili ndani ya dakika kumi. Una thamani, una asilimia, una risiti yenye namba, na pesa inaingia hazina. Nilisema nitalipa chote cha mwanzo nikipewa risiti ya serikali. Nikarudishiwa kamera na kuambiwa nipite.

Kamishna, idara za forodha za dunia zilikubaliana juu ya jambo hili zamani. Azimio la Arusha kuhusu uadilifu katika forodha lilipitishwa mwaka 1993 na kufanyiwa marekebisho 2003. Linataka kanuni zilizo wazi, maamuzi yasiyoachwa kwa utashi wa mtu mmoja, na matumizi ya kompyuta ili pesa isipite mkononi. Mkataba wa Kyoto wa forodha, uliorekebishwa 1999, unasema kupekua mwili wa msafiri kufanyike kwa nadra na pawepo sababu ya msingi ya kumshuku. Unasema pia kwamba mtu aliyeguswa na uamuzi wa forodha akiomba sababu, apewe, na awe na haki ya kukata rufaa. Mimi niliomba sababu. Nilipewa punguzo.

5. Masanduku yanafunguliwa nyuma ya pazia.

Hili ni fupi. Mzigo wa chini ukihitaji kufunguliwa, ufunguliwe. Lakini mwenyewe akute ndani kikaratasi kinachosema umefunguliwa lini, na nani, kwa sababu gani. Nimepokea sanduku zipu imepasuliwa na nguo zimesokomezwa, bila hata mstari. Shirika la ndege likaniambia niulize usalama, usalama wakaniambia niulize shirika la ndege.

Najua majibu yatakayotolewa, maana baadhi nimeshayasikia kwenye korido.

Mtasema usalama haujadiliwi. Sijaomba ujadiliwe. Kuandika kilichochukuliwa hakumruhusu mtu kupita na bomu. Kumkagua bibi kizee chumbani badala ya kumkagua mbele ya foleni hakupunguzi hata chembe ya ukaguzi. Badala yake, afisa aliyetumia dakika tano kwenye insulini hizo dakika tano hakuwa akitazama skrini.

Mtasema watumishi ni wachache. Naamini. Nimewaona wakisimama saa nyingi bila kiti, wakitukanwa na abiria waliochelewa kwa makosa yao wenyewe, na kwa hilo nawapa pole ya dhati. Lakini uchache wa watu haumlazimishi mtu kugeuza kitambulisho chake.

Mtasema abiria ni waongo, wanaficha dhahabu kwenye soli na pesa kwenye pampasi za watoto. Wapo. Nchi nyingi zinataka fedha taslimu zinazofika 10,000 za dola au euro zitolewe tamko, na wapo wanaozikunja kwenye soksi. Hao wakamateni, mali itaifishwe kwa mujibu wa sheria, na karatasi iandikwe. Mwizi naye hupewa hati ya mashtaka, kwa nini mimi nisipewe risiti ya kalamu ya insulini?

Na mtasema kuna utaratibu wa malalamiko. Nimeufuata mara tatu.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na ninaomba yajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60:

a) Kila kitu kinachochukuliwa kwa abiria kiandikiwe hati ya nakala mbili yenye jina la kitu, kanuni iliyotumika, saa, na namba ya afisa. Hati ya dakika moja inatosha. Abiria aondoke na nakala yake.

b) Namba ya afisa isomeke kifuani na mgongoni, imeshonwa kwenye sare, isiweze kugeuzwa.

c) Dawa zenye cheti, maziwa ya watoto wachanga na vifaa vya wagonjwa visitupwe na afisa peke yake. Aitwe msimamizi, na uamuzi utiwe saini na msimamizi huyo.

d) Orodha ya vinavyokatazwa na viwango vya ushuru vibandikwe kabla ya foleni, kwa lugha wanazozijua wasafiri, kwa maandishi ambayo mtu mwenye miwani anaweza kuyasoma akiwa amesimama. Dawati la kusajili vifaa vya kutoka navyo liwe na mtu muda wote ndege zinapoondoka.

e) Ushuru wote ulipwe kwa dirisha la benki au kwa simu, kamwe si mkononi mwa aliyekadiria.

f) Upekuzi wa mwili ufanyike chumbani kila abiria anapoomba, na abiria aambiwe kwamba anaweza kuomba. Mama hakuambiwa.

g) Pawe na dawati la malalamiko ndani ya eneo la ukaguzi lenye mamlaka ya kupiga simu langoni na kusema: msifunge, abiria huyu yuko kwetu na kosa si lake. Hili naliweka la mwisho lakini ndilo ninalolitaka kuliko yote. Siku abiria atakapojua kwamba ndege inaweza kumsubiri dakika kumi kwa sababu ameuliza swali la haki, lile swali la afisa halitakuwa na makali.

Ninaambatanisha nakala ya barua ya tatu yenye muhuri wenu, cheti cha daktari tulichokuwa nacho siku ile, na karatasi ya idara ya dharura yenye saa tuliyopokelewa. Niko tayari kuja ofisini kwenu siku yoyote mtakayonipangia.

Mama yangu anarudi kliniki mwezi ujao kupimwa nyonga, na njia ni ileile. Juzi nilimkuta amekaa kitandani anaziweka kalamu za insulini kwenye mfuko, anazitoa, anazifunga kwenye kanga, anazirudisha tena. Aliniuliza ni wapi azifiche. Nimemwambia asizifiche, nimeandika barua.

Nasubiri majibu yenu.

Kwa heshima,
Mwandishi wa barua tatu zilizotangulia